Ung'ongo

Mwiba wa mkonge ulimwingia chini ya kidole gumba
siku aliyofunga matita mia na kumi kule Pongwe.
Akaung'oa kwa meno, akautema, akaendelea kukata.

Siku ya nne aliletwa Bombo
akimwita mama yake aliyezikwa zamani,
presha imezama, mkojo umekata,
damu nzima imekuwa nyumba inayoungua
na waliomo ndani wanapigana wao kwa wao gizani.
Mimi ni mtu wa maabara, uso wake sikuuona.
Nilimjua kwa kichupa chenye kizibo cha zambarau:
Abedi Shekiondo, miaka arobaini na moja.

Siku ishirini na tatu. Akatoka kwa miguu yake.
Nasikia Makorora walimchinjia mbuzi,
na mtu akaitia mafuta minyororo ya baiskeli yake.

Mwezi wa pili, nimonia.
Wa nne, mkanda wa jeshi ukamfunga ubavuni.
Wa sita, utando kinywani, mweupe kama tui lililoganda,
maradhi ya vichanga
ulimini mwa mkata mkonge.

Mkewe, Mwantumu, akaja dirishani kwangu,
karatasi ya majibu kaikunja mara nne.
"Umeandika chembe nyeupe ziko sawa.
Sawa gani hii?"

Mashine yangu huhesabu, mama. Haiulizi.
Zimo, elfu sita na ushei,
zinaitwa majina, kila moja inaitika "nipo,"
kisha somo likianza
hakuna inayosikiliza.

Nilitia tone lake chini ya hadubini bila kutumwa na mtu.
Zilikuwa nzuri. Mviringo, zimekolea rangi.
Huwezi kuuona uchovu wa chembe kwa jicho.
Zilipiga kelele mno usiku ule, sauti zikazikauka;
mikono iliyokuwa ikinyanyua kipande cha adui
na kuziambia nyingine "huyu hapa, mtazameni"
imeshuka.
Nyingi zilikufa. Na hizi changa,
zinazotoka leo ubohoni, ambazo moto hazikuuona,
nazo zinazaliwa zimeshafunzwa kunyamaza.

Nilimweleza hivyo, kwa maneno machache na mabaya zaidi.
Akatazama sakafu.
"Kwetu husema, aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka."
Kimya.
"Mwili wa huyu umeumwa,
na sasa nyoka mwenyewe anapita mlangoni
unamwambia karibu."

Itachukua muda gani? Sijui.
Wengine miezi, wengine mwaka, wengine hatujawafuata tukajua.
Nikamwambia yale madogo tuliyo nayo:
kidonda kisidharauliwe, maji yachemke,
homa ikigusa, msingoje kukuche.

"Basi awepo wa kushtuka," alisema,
akaikunja karatasi mara ya tano,
akaniuliza kipimajoto ni shilingi ngapi
lile duka la Barabara ya Nane.