Kurasa Kumi na Nne

Kurasa kumi na nne, Ezaruku.
Nimezihesabu mara mbili kwa mwanga wa simu,
umeme wa Arua umekwenda zake tangu alasiri,
na wewe, mwenyekiti, unanipigia kuuliza
kama tumeshamaliza.

Tumeshamaliza, mimi na nani?
Katibu ni mimi, mweka hazina mimi, mfua jezi mimi.
Cherehani nimeisogeza ukutani
ili shirikisho lipate pa kukaa.

Wanauliza vyumba vya kubadilishia nguo.
Niandike kwamba vijana wetu huvua mashati
nyuma ya duka la Swadiki, kati ya makreti ya soda,
na wageni tunawafungulia darasa la tatu,
ambako ubaoni zimebaki hesabu za kugawanya?
Mlinda lango mmoja kutoka Nebbi
alizifanya zote akingoja mvua ikatike.
Alikosa moja tu. Magoli tulimfunga manne.

Wanauliza daktari.
Tunaye Candiru, mkunga wa zahanati,
huja na barafu ndani ya kopo la siagi.
Nusu ya kikosi aliipokea kwa mikono yake.
Anajua kifundo cha nani kilianza kupinda tumboni.

Wanauliza kocha mwenye cheti.
Hapo niliweka kalamu chini.
Miaka kumi na tisa Andama anafundisha
kwa filimbi iliyopoteza punje yake,
inayolia kama birika lililosahauliwa jikoni.
Cheti kiko Kampala, wiki mbili, kwa Kiingereza,
na ada yake, tulipopiga hesabu za sokoni, ni mbuzi sita.
Akasema: niuze mbuzi
nikajifunze kuwa mimi?
Jumapili akauza wanne.
Wawili tulichanga. Wewe bado hujatoa.

Halafu Alhamisi akaja mkaguzi na utepe wake,
kijana mpole, kila hatua
viatu vyake vikiliomba vumbi radhi.
Upana, akasema, sawa.
Urefu, akarudia kupima. Akarudia tena.
Pungufu mita mbili na nusu.

Nyuma ya goli la kaskazini, unajua,
linaanza shamba la muhogo la Drichiru,
yuleyule anayeteka mipira yetu
na kudai fidia ya kila mche uliovunjika.
Nilikusikia ukimwita mama yetu mpenzi.
Tangu lini?

Alikuja na jembe begani. Watu wakanyamaza.
Hakukutazama wewe, alimtazama mwenye utepe:
Mita mbili na nusu ni matuta mangapi?
Kijana akahesabu kwa kidole. Matatu, mama.

Akayang'oa mwenyewe, tuta baada ya tuta,
mihogo ikatoka na udongo wake
minene kama vigimbi vya mabeki,
na hakuruhusu mtu amsaidie, hata Andama.
Alipomaliza akajipangusa:
Kuanzia leo mpira ukivuka, nitaurudisha.
Ila humo mnamoandika, na jina langu liwemo.

Ukurasa wa tisa: Mmiliki wa uwanja.
Kisanduku ni chembamba,
kimekatwa kwa kipimo cha halmashauri.
Nimeandika, na herufi zimevuka mstari:
Shule, na Drichiru, matuta matatu.
Wakilifuta, waje walifute mbele yake.

Uzio sijaujibu.
Tukizungusha mabati, wale watoto wanaotazama
wakiwa juu ya tanuri la matofali,
wanaomjua kila mchezaji kwa jina la utani
na shilingi mfukoni hawana,
tutakuwa tumewafungia nje kwa leseni.
Nafasi hiyo nimeiacha tupu.
Njoo uijaze wewe, kwa mwandiko wako.

Sasa usipige tena. Simu ina asilimia sita
na ukurasa wa kumi unaanza hivi:
Mhasibu wa klabu. Ambatanisha cheti.