Soksi ya Zestaponi

Treni ya Kutaisi ilisimama bila sababu,
dirisha langu likatazamana na uga wa mtu.
Mama mmoja, vibanio mdomoni,
alikuwa akianika soksi kwenye waya wa mizabibu.
Moja ikamponyoka.
Mbwa akaiwahi.

Behewani hatukujuana.
Ila Otari (jina nililijua baadaye)
akaacha kumenya yai,
mwanafunzi akavua visikizi,
na sote tukamshangilia mama kimoyomoyo
akizunguka kisima, ndara mguu mmoja,
mbwa mbele, mkia juu.

Hapo treni ikashtuka, ikaondoka.

Otari akalitazama yai lake.
"Ataipata?"
Hakuna aliyejibu.

Usiku huu naanua nguo zangu,
theluji inaanza,
nahesabu soksi mara mbili.