Pasi kwa Asiyekuwepo

Kwa Bi Mwanakombo, nyuma ya soko la Kongowea,
viazi karai vikitoka kwenye mafuta, kesi hufunguliwa:
nani ghali sasa, Chengo au Famau?
Mmoja tulimuuza, mmoja tukamnunua,
wiki moja, karani mmoja, kalamu moja.

Mwalimu Shoboi ana daftari.
Famau: mechi kumi na mbili, mabao tisa.
Chengo, huko Changamwe: mechi saba, bao moja,
na hilo moja penalti.
Hesabu imekwisha, asema, analamba ukwaju kidoleni.
Tumeuza ndizi, tumenunua mkungu.

Mimi nanyamaza. Mimi ndiye nambari nane.
Pasi zote hizo zilitoka kwenye mguu huu
wenye kucha moja nyeusi.

Famau anataka mpira mguuni.
Umpe papo hapo aliposimama, kama chenji mkononi,
auhesabu kwanza, ndipo aondoke nao.
Simlaumu. Likoni walikuwa wakimtupia mipira ya juu,
yeye mfupi, akirukaruka kati ya mabeki
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
Msimu mzima wakamwita mzigo.
Mzigo! Alipovuka feri kuja kwetu
hakubadilisha hata kamba za viatu.
Kilichobadilika ni mtu wa kumpa.

Na Chengo?
Chengo hukumpa mpira. Ulimpa nafasi.
Ulipiga pale pasipo mtu,
kwenye nyasi zilizoungua karibu na kibendera,
watu wakamtukana mama yako,
halafu, kabla tusi halijafika mwisho,
yupo.
Misimu minne sikuinua kichwa kumtafuta.

Jumamosi nilikwenda Changamwe kumtazama.
Dakika themanini kwenye mstari wa chokaa,
mkono juu, kama mtoto anayejua jibu
na mwalimu hamwoni.
Alichomoka mara kumi na nne. Nilihesabu mimi.
Mara kumi na nne mpira ukaenda upande wa pili.
Kwenye daftari la Shoboi hiyo ni sifuri.

Baadaye alinunua chupa ya maji, akanigawia nusu.
"Huyo mgeni wenu vipi?"
Nikasema, mzuri.
"Mpe mguuni," akasema. "Nilikuja siku moja, nikawatazama.
Unamchelewesha."
Tukacheka. Kizibo cha chupa akakitia mfukoni,
sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Basi msiniulize bei.
Karani anayo, imepigwa muhuri,
na hela zilishanunua jezi na nyavu mbili.

Jana, dakika ya sitini, tukiongoza,
nikageuka na beki mgongoni,
sikuinua kichwa,
nikapiga pale kwenye kibendera.
Mpira ukaviringika peke yake, polepole,
ukapita nyasi zilizoungua,
ukatoka nje.
Famau akageuza viganja juu.
Uwanja mzima ukanizomea,
na Shoboi akaandika.