Kutoka Dirishani Kwetu

Bi. Perez Awuor aliileta nibadilishe kioo,
akalipa nusu, akasema atarudi Ijumaa.
Ijumaa ngapi zimepita, sizihesabu tena.
Picha ya rangi za maji, upana wa sinia la chai,
mchwa wamekula pembe moja ya mbingu.

Ndani yake mna mtaa wa Kisumu nisioujua,
nami nimezaliwa Kaloleni, sijahama.
Nyumba ya ghorofa, roshani ya mbao za kijani,
matao matatu chini, na kibao kilichozibwa na mwamvuli:
...VRAJI NA WANAWE, kisha neno moja, huenda VITAMBAA,
huenda VITANDA. Mchoraji hakujali walivaa au walilala.

Nyuma ya kadibodi, kwa penseli:
Kutoka dirishani kwetu. Jumanne.
Mwaka hakuandika. Kwake Jumanne ilitosha.

Nikaifunga karakana saa saba,
nikaibeba kwapani ndani ya gunia la sukari.
Vilima vya Riat viko kushoto kwa paa:
basi alitazama kaskazini, ziwa likiwa mgongoni.
Vivuli vimelala kulia: alasiri.
Kila kona nilisimama, nikainua picha, nikaishusha,
hata askari wa kanjo akaniuliza naiuza bei gani.

Nekesa wa ofisi ya ardhi alikunjua ramani
akapitisha ukucha: "Hapa palikuwa na njia.
Namba ipo. Njia haipo."
Ogalo mchomeleaji alisema matao anayakumbuka,
kisha akasema yalikuwa mawili,
kisha akasema labda ni ya Kakamega.
Adhoch, muuza vifuniko vya simu, hakukumbuka kitu,
ila ndiye aliyesogeza meza yake nikaona:
chini ya ukuta wa benki, mfereji wa mawe
unaopinda bila sababu.
Pichani mfereji huo unaikwepa ngazi.
Ngazi haipo.
Mfereji bado unaikwepa.

Nilichuchumaa, nikaweka kiganja penye kona ile.
Maji ya sabuni yalikuja kutoka kwa kinyozi,
yakapinda kwa adabu, yakapisha
miguu isiyoshuka tena.

Ningerudi hapo. Nilikuwa nimepata.
Lakini niligeuka nitafute aliposimama,
umbali ule ule, pembe ile ile,
nikakuta uwanja wa kuegesha magari,
mlinzi, kamba, kitabu cha risiti.
Nikaitazama picha upya. Jicho lake liko juu,
usawa wa roshani; linaona mgongo wa mwamvuli,
linaona vumbi juu ya kibao.
Na hakuna mtu anayesimama hewani akachora.

Kumbe zilikuwa nyumba mbili.
Moja imebaki kwa kuwa ilitazamwa.
Nyingine, yenye dirisha, na meza, na kikombe cha brashi,
na mtu wa kuandika "kwetu",
haimo popote, kwa kuwa ndiyo iliyotazama.

Mlinzi akasema, mzee, unaegesha nini?
Sikuwa na jibu la kuandikwa kwenye risiti.

Kioo kipya nimeshakiweka. Salio ni shilingi mia nne.
Jua likishuka kinashika mlango wangu,
benchi, gundi, mimi mwenyewe
nimesimama katikati ya matao.
Awuor akija sitamdai.
Nitamuuliza tu,
hapo kwetu mlikuwa wangapi.