Reki ya Refugio

Saa nane za usiku, Tehuacán,
jinzi elfu nne zinafuliwa kwa mawe
ili zionekane zimeishi.
Mawe mepesi ya volkeno, yale yanayoelea,
yanachakaza magoti ya suruali
ambazo hakuna aliyewahi kuzipigia magoti.
Halafu maji yanaachiwa.

Yanakuja na nili yake, ya moto, yana haraka,
na mbele yake nondo kumi na tisa
zimesimama wima mtaroni,
kati ya nondo na nondo upana wa kidole,
na Refugio Tepole na reki yake.

Mimi ni fundi pampu. Niko ng'ambo ya ukuta.
Kazi yangu ni kile ambacho yeye hakukizuia.
Miaka sita sasa sina kazi kubwa.

Anavuta. Juu zinakuja nyuzi
kama nywele zilizobanduliwa kwenye kitana,
vifungo vya shaba, zipu kibogoyo,
mawe yaliyokonda kwa kusugua,
glavu ya mkono wa kushoto
(siku zote wa kushoto, wa kulia sijui huenda wapi),
kijiko,
na mara moja kiatu cha mtoto
alichokianika ukutani wiki tatu
asitokee wa kukidai.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hapa haba na haba huua mota.
Uzi mmoja si kitu, haumfungi hata kuku.
Lakini uzi huita uzi,
wakajiviringa kwenye shafti
mpaka beringi ikaanza ile sauti
ya mtu anayesaga meno usingizini.

Naijua. Februari,
mhandisi Abundio aliagiza nondo zing'olewe.
Saa moja tu, alisema, maji yanarudi nyuma,
oda ya Texas inachelewa.
Refugio aliegemeza reki, akaketi,
akakunja mikono.
Saa moja ikazaa tatu.

Alfajiri nikafungua pampu:
mapanga mawili yamekatika,
tumboni bonge la nyuzi, zito kama kondoo aliyelowa,
na kijiwe kimoja kimekaa kwenye vali
kama mtu aliyefika kwake.
Siku nne mabwawa ya kusafishia hayakupata hewa.
Mfereji wa mashamba ulipita buluu
hadi kwenye mahindi ya kaka yake Refugio.

Hakuna aliyefukuzwa. Nondo zilirudi.
Mhandisi akanunua kengele
ya kulia maji yakipanda.
Inalia kweli.
Ikilia, Refugio ameshasimama.

Jana nilimuuliza huwaza nini usiku kucha.
"Nahesabu vifungo," akasema.
Amefika elfu kumi na moja, mia mbili na vinne.
"Na vile vinavyokuponyoka?"
Hakugeuka. Akauelekeza kidevu mlango wangu,
reki ikashuka tena majini.
"Hivyo unavihesabu wewe."