Mnada wa Kushuka

Katika daftari la usharika, ukurasa uliomwagikiwa chai
na karani fulani aliyekufa zamani,
nimemkuta mama aliyemzaa bibi yangu
kati ya fahali wa marehemu Kettunen
na gharama za kuziba paa la sakristia:
*Msichana. Miaka tisa. Yatima. Mguu wa kushoto mfupi.*
Mbele yake, safu ya bei.

Huku kwetu Ufini mnada wa watu ulikwenda kinyume.
Fahali hupanda. Yatima hushuka.
Usharika ulilipia chakula chake,
na aliyeridhika na malipo madogo kuliko wote
ndiye aliyemchukua.
Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada,
kwa kuwa watu walikwisha kukusanyika,
na nani angetaka kuja mara mbili
katika baridi ya namna ile?

Wakamsimamisha juu ya benchi.
Jina lake Eedla. Mama yake alikufa mwezi wa tatu
kwa njaa, ingawa daftari linasema homa.
Tembea, wakamwambia. Akatembea.
Onyesha meno. Akaonyesha.
Marka hamsini na tano, akaanza mzee wa kanisa.
Hamsini, akasema Tahvo wa kinuni.
Arobaini na mbili, lakini viatu mtoe ninyi.
Kikapita kicheko kidogo, cha watu wema,
watu ambao nimerithi pua zao.

Arobaini. Thelathini na sita.
Bei ilishuka kama ndoo kisimani,
na yeye akitazama dirishani, ambako shomoro wawili
waligombania punje kwenye mavi ya farasi.
Hao hakuna aliyewatajia bei.

Thelathini, akasema Iivari Pulkkinen.
Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Nyundo.

Ukutani alikuwapo mwingine aliyeijua sauti hiyo:
Kristo wa mti, goti limeliwa na wadudu,
rangi ya ubavuni imebanduka.
Eedla akageuza shingo, akamtazama,
akasema kama mtoto anayejibu swali la katekisimu:
"Hata yeye aliuzwa thelathini."

Ndivyo alivyonisimulia bibi, kama alivyosimuliwa na mama yake.
Mchungaji akainamia wino.
Mtu akakohoa.
Iivari akauliza kama malipo ni kwa robo mwaka
au kwa mkupuo.

Muujiza haukutokea, nami sitauongeza.
Alilala zizini miaka sita, ubavuni pa ng'ombe,
kwa kuwa ng'ombe ana joto na hana maswali.
Alikula mkate wa magome ya msonobari.
Alipigwa kwa hatamu.
Bwana, hapa ndipo huwa nakwama nawe,
na sijui kama ni sala au ni ugomvi.
Lakini yeye hakukwama. Alisema tu,
maisha yake yote, kwamba siku ile benchini
hakuwa peke yake.

Alizaa watano. Kila mara mkunga alipoleta
mizani ya siagi ampime mtoto,
Eedla alimkumbatia kichanga, akageukia ukuta:
"Huyu hapimwi."

Wiki iliyopita alikuja afisa wa manispaa,
binti mpole, soksi zake za sufu zikiwa na matone ya theluji,
kumpima kaka yangu Oiva:
kula, kuvaa, kukumbuka siku.
Hesabu ikigoma kufika kiwango, msaada haupo.
Oiva alisahau siku. Alikumbuka jina la mbwa
tuliyemzika nilipokuwa na miaka minne.
Binti akajumlisha, akafunga mkoba,
akatuaga kwa adabu.

Nilikuwa namfunga kifungo cha mwisho cha sweta
aliponishika kiganja, macho yake
ya mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi:
"Nimepata ngapi?"

"Thelathini," nikamwambia.

Akafikiri kidogo.
"Si mbaya," akasema, akaomba kahawa.