Mlango wa Ng'onda

Al-Khoudh, Julai, saa tisa mchana.
Nyuzi arubaini na saba. Paka wa jirani
kahamia chini ya gari letu, analamba matone ya kiyoyozi.
Mundhir yuko kisimani.

Yeye ni kijitu cha rangi ya chungwa kwenye televisheni.
Mchanga unamwagika, herufi zinashuka kama popo,
azidake, azipange, neno litimie, mlango ufunguke.
Akikosea, mchanga unapanda: kifundo, goti, kidevu,
kisha muziki wa msiba
na kisima kingine.

Mchezo kautunga Khalfan, mtoto wa dada'angu,
anayesomea kompyuta Nizwa.
Maneno kayachota kwa Bibi Thuweiba, kwa simu, kila Ijumaa,
na bibi akidhani wanapiga soga tu.

Kiswahili Mundhir anakisema kama anayekunywa maji.
Kukiandika? Akiandike wapi?
Skuli ni Kiarabu, na Kiingereza kidogo.
Chetu ni cha jikoni, cha ndani ya gari,
cha kusengenya wageni wakiwa wamekaa papo hapo.
Ulimi wake unasema papai; mkono, uliolelewa na alifu na be,
unaandika babai,
na babai likamfukia mpaka kidevuni
huku papai lenyewe limekatwa, liko mezani, linamngoja.

Mlango wa saba ulikuwa na picha ya samaki
aliyepasuliwa, kaanikwa kambani.
Gonda. Akazikwa.
Nonda. Akazikwa.
Ngonda. Mchanga ukasita kidogo, kama unaomwonea huruma,
ukamzika.
"Bibi! Yule samaki wako aliyekauka anaandikwaje?"

Bibi akaweka tasbihi, akachukua risiti ya supamaketi,
akaandika kutoka kulia, kwa kalamu ya bluu,
vile alivyokuwa akimwandikia dadake Wete:
ghaini, wau, nuni, dali, alifu.
Mtoto akasoma. "Ghonda?"
"Kwa macho ni ghonda," akasema bibi,
"kwa pua ni ng'onda. Itie puani."

Wakakaa wote wawili kukodolea kisima
mpaka kikashuka kitu kidogo, si herufi, mfano wa usubi,
kitu ambacho mwanangu alikuwa akikikwepa wiki nzima
akidhani ni risasi.
Akakidaka. Akakibandika juu, baina ya g na o.
Mlango ukafunguka kwa kishindo, na bibi akapiga kigelegele
hata paka akatoka chini ya gari.

"Sasa nipe mie hicho kidude."

Nilirudi zamu ya usiku hospitali, saa nane kasoro,
nikamkuta sebuleni, miwani puani, kazikwa mpaka kiunoni.
Mlango wa kumi na mbili: kengele, ubao, watoto wamejipanga.
S, k, u, l, i. Mchanga.
S, k, u, l, i, polepole, kama anayemfundisha mjinga. Mchanga.
"Kinataka shule," nikamnong'oneza.
"Nilikwenda skuli mie. Hiyo shule sikusoma."
Akampigia Khalfan usiku ule ule, akamwamsha:
"Mashine yako haijui kwetu."

Siku ya pili mlango ulikuwa na funguo mbili.

Ile risiti nimeibandika kwenye friji.
Joto limeshafuta bei zote, maziwa, mchele, sabuni,
umebaki mwandiko wa bluu peke yake.
Chini yake, jana, Mundhir kaniandikia orodha ya sokoni,
Kiswahili cha kwanza kuandikwa na mtoto nyumba hii:
papai. viatu vya skuli. ng'onda, kama ipo Matrah.
King'ong'o kakichora kikubwa kama nyigu.
Mwishoni kaandika fitunguu.

Nimeviacha vivyo hivyo. Nimechukua kikapu nikatoka.
Sokoni hakuna mchanga unaopanda.